Zeze halishindi uwanjani

*Simiyu hupima muziki kwa wingi wa watu. Je, mkoa huu una nafasi ya onyesho la wapiga nyuzi wanne na waalikwa wao, ambapo hadhira hukaa ikasikiliza?*

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Pamba ikishapimwa na fedha kuingia mfukoni, vumbi huanza kutimka viwanjani Usukumani. Makundi mawili ya ngoma hupangiwa uwanja mmoja, kila moja na upande wake: huku Wagika, kule Wagalu. Manju wa kila upande ana nyimbo mpya kibindoni. Ngoma zimeoteshwa moto zikakaza. Wachezaji wengine wameshika majembe, wengine wamejivika nyoka hai shingoni. Kisha pande zote mbili huanza kwa wakati mmoja.

Kipimo cha ushindi ni umati. Mtazamaji aliyechoshwa na upande huu huvuka kwenda ule, na kuvuka kwake ndiyo alama. Kundi litakalobaki na watu wachache jioni limeshindwa, hata kama manju wake ametunga vizuri kiasi gani.

Sasa mkalishe mpiga ndono katika uwanja huo. Ameshika upinde wenye uzi mmoja, kibuyu kimeegemea kifuani, kijiti chembamba kiko mkononi. Anaugonga uzi, na kila anapokibana kibuyu kifuani au kukiachia, sauti hubadilika rangi. Ni muziki wenye mambo mengi ndani yake, lakini hatua chache tu kutoka alipokaa haumfikii mtu. Kwa sheria ya uwanja, huyu ameshindwa kabla hajaanza.

Hapo ndipo lilipo suala la makala haya. Kwingineko duniani, watu wanne wenye fidla mbili, viola na chelo hukaa nusu duara mbele ya watu wachache, wakamwalika mpigaji wa tano au mwimbaji, na wakasikilizwa kwa saa nzima bila kipaza sauti. Je, onyesho la namna hiyo lina maana yoyote Bariadi? Na likifanyika, litamsaidia nani?

Mkoa uliolelewa na ngoma

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulitangazwa rasmi 2012 ukiwa na wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 iliwakuta humo watu zaidi ya milioni 2. Ni mkoa wa pamba na ng'ombe, na wengi wa wakazi wake ni Wasukuma.

Mkoa ni mchanga, lakini mashindano yake ya ngoma ni ya kale. Wagika na Wagalu wanatokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mmoja alikuwa na dawa zake, wafuasi wake na ngoma yake. Ushindani wao ukarithiwa na vizazi, na hadi leo kundi la ngoma Usukumani huulizwa liko upande gani. Dawa ya kuvuta watu imekuwa sehemu ya matayarisho sawa na utunzi na mazoezi.

Ndani ya pande hizo mbili mna ngoma za kila aina. Ipo bugobogobo, ngoma ya jembe iliyozaliwa mashambani. Wapo Wayeye wacheza na nyoka. Wapo Wanunguli, wawindaji wa nungunungu. Zote zinaelewana na uwanja mpana, jua kali na watu wengi.

Kanisa nalo lilisoma alama hizo mapema. Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, Padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika aliziingiza ngoma za Wasukuma katika ibada na baadaye akaanzisha makumbusho ya utamaduni wao. Sikukuu ya Bulabo inayoambatana na Ekaristi Takatifu bado huwakutanisha Wagika na Wagalu hapo.

Serikali ilifuata njia hiyohiyo. Kuanzia 2018 sherehe za kitaifa za Nanenane zilipohamia viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, burudani ya kuwapokea wageni ilikuwa ngoma. Kiongozi akija, ngoma. Mwenge ukipita, ngoma.

> Kundi litakalobaki na watu wachache jioni limeshindwa, hata kama manju wake ametunga vizuri kiasi gani.

Nyuzi zilikuwapo

Anayedhani kwamba ala za nyuzi ni mambo ya Ulaya aangalie ramani ya Kanda ya Ziwa.

Kaskazini mwa Simiyu, mkoani Mara, Wakurya wana iritungu, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito. Wajaluo wa huko na wa ng'ambo ya mpaka wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane, na orutu, fidla ya uzi mmoja. Magharibi mwa ziwa, Wahaya wana enanga, ubao uliochimbwa na kutandikwa nyuzi juu yake. Kwa enanga walighaniwa mashujaa na wafalme, mghani mmoja amekaa na wasikilizaji wamemzunguka. Profesa Mugyabuso Mulokozi alitumia miaka mingi kuzikusanya na kuzichambua tendi hizo.

Wasukuma na majirani zao Wanyamwezi wana ndono. Zeze nalo limeenea kutoka pwani hadi bara kwa maumbo tofauti: kwingine ni ubao mwembamba wenye kibuyu unaodonolewa kwa vidole, kwingine, kama Ugogo, ni ala ya kusuguliwa kwa upinde.

Hata katika ngoma za Usukuma, si zote zinazotaka kuruka. Wigashe huimbwa watu wakiwa wamekaa, wakiyumba pamoja na kuupa wimbo nafasi ya kwanza. Anayeihudhuria hukaa karibu, kwa sababu utamu wake uko katika maneno.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akinasa muziki wa makabila mbalimbali. Kazi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Kijana wa Bariadi anayetaka kujua babu zake walipigaje nyuzi kabla ya uhuru analazimika kuanzia nje ya nchi.

Kwa hiyo ala hazikukosekana. Kilichopungua ni mazingira yaliyozilea: baraza la mfalme, kikao cha wazee, jioni ndefu isiyo na redio. Mazingira hayo yalipoondoka, ala ya sauti ndogo ilibaki na chaguo moja tu, kwenda uwanjani kushindana na ngoma. Huko haiwezi kushinda.

Watu wanne, sauti nne

Kundi la wapiga nyuzi wanne lilipata umbo lake katika karne ya 18. Joseph Haydn wa Austria, aliyetunga vipande 68 vya aina hiyo, ndiye anayetajwa kuwa baba yake. Muziki huo uliandikwa upigwe nyumbani, mara nyingi na marafiki waliokuwa wakijifurahisha wenyewe.

Mpango wake si mgeni kwa Simiyu. Mwanakwaya yeyote wa Maswa au Lamadi anaujua, kwa sababu ni mpango wa kwaya: fidla ya kwanza ni soprano, fidla ya pili ni alto, viola ni teno, chelo ni besi. Aliyejifunza wimbo kwa do-re-mi, akavumilia kushika sauti yake huku jirani akiimba nyingine, tayari ana sikio linalotakiwa.

Mwalikwa naye ana historia ndefu. Mwaka 1789 Mozart aliandika kipande kwa wapiga nyuzi wanne na klarineti. Klarineti nyingi za leo hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo unaotafutwa na watengenezaji hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Mti wetu umekaa katika kumbi hizo miaka mingi. Watu wetu ndio wachache.

Lakini si kwamba Waafrika hawamo kabisa. Mwaka 1992 kundi la Marekani la Kronos Quartet lilitoa albamu ya *Pieces of Africa*, iliyokusanya kazi za watunzi wa Afrika. Mmoja wao ni Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyeandikia fidla, viola na chelo muziki wenye mapigo na mizunguko ya Kiganda. Katika albamu hiyohiyo Dumisani Maraire wa Zimbabwe aliketi na wapiga nyuzi hao akiwa na ngoma zake, na Hamza El Din wa Nubia akapiga tari. Albamu hiyo ilipanda hadi kileleni mwa chati za Marekani, ya muziki wa klasiki na ya muziki wa dunia.

Hilo ni jibu kwa wanaofikiri kwamba ngoma na chelo haviwezi kukaa meza moja. Vilikaa, na miaka zaidi ya 30 imepita tangu hapo.

"Kwanza madarasa"

Hata hivyo wanaopinga wana hoja nzito, na hazifai kupuuzwa.

Ya kwanza ni ya fedha. Halmashauri inayohangaika na maji, madawati na barabara za vumbi itaelezaje kwa wananchi kwamba imelipia nauli na malazi ya wapiga fidla? Bei ya pamba ikiyumba, hata mchango wa harusi hupungua. Onyesho la tiketi litawakusanya watumishi wa serikali na wafanyabiashara wachache, kisha mkulima wa Itilima abaki kusimuliwa.

Ya pili ni ya kujitambua. Desemba 10, 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi walifundishwa dansi za Wazungu huku ngoma za kwao hawazijui. Wanaopinga wanauliza: leo tukiwaleta watu wa viola Bariadi wakati ndono inakufa, si tunarudi kulekule?

Ya tatu ni ya kibiashara. Nyimbo za Kisukuma zinaishi. Zinasikika kwenye simu, kwenye pikipiki na kwenye maduka ya vinywaji, na waimbaji kama Bhudagala Mwana Malonja wana mashabiki mbali na Usukuma. Soko limeshaamua, wanasema; asiyesikika atafute maikrofoni.

Hoja hiyo ya maikrofoni inastahili neno moja zaidi. Ni kweli kipaza sauti kinaweza kulifikisha zeze mwisho wa uwanja. Lakini mtambo uliotegwa kwa ajili ya besi ya disko huimeza ndono. Sauti inayozaliwa kibuyu kinapobanwa kifuani na kuachiwa ndiyo ndono yenyewe, na mtambo wa namna hiyo huacha mlio wa kijiti tu ukisikika.

Upande wa pili wa hotuba

Wanaounga mkono huishika hotuba hiyohiyo ya 1962. Mwalimu hakuishia kwenye masikitiko. Alionya pia, kwa lugha kali, kwamba taifa linalokataa kujifunza utamaduni wa wengine limepungukiwa akili. Kufufua cha kwetu, kwa maoni yake, hakukuwa na maana ya kufunga mlango.

Pwani haikuufunga. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza ala ya kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho bado kipo. Fidla, udi, kanuni na chelo zikaingia katika taarabu, zikafuata mashairi ya Kiswahili, na leo hakuna Mzanzibari anayeona fidla kuwa ni ya kigeni. Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928 hakuwa na uwanja wa watu maelfu nyuma yake. Alikuwa na kundi dogo la wapigaji waliofahamiana.

Bara nako kuna mfano. Hukwe Zawose alitoka Ugogo na zeze na ala ya vidole iitwayo ilimba, akaishi na kufundisha Bagamoyo, akapanda majukwaa ya Ulaya na Asia hadi alipofariki 2003. Mwaka 1996 albamu yake ya *Chibite* ilitolewa na Real World, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na Peter Gabriel. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya *Maisha* kwa kampuni hiyohiyo. Kwa mila ya Wagogo zeze lilikuwa mikononi mwa wanaume; sasa wanawake wa ukoo huo wanalipiga wenyewe.

Zawose alitoka kwenye mila ambayo haikuogopa kusikilizwa kwa utulivu. Ugogo ina ngoma kubwa za muheme, na pembeni yake ina zeze. Kimoja hakikuhitaji kukishinda kingine.

> Ukumbi maarufu wa muziki wa wapiga nyuzi wanne London, Wigmore Hall, una viti takriban 550 tu. Bariadi haihitaji uwanja.

Funzo la Forodhani

Kabla ya kushangilia, wanaounga mkono wanapaswa kuitazama tena Zanzibar.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilianzishwa 2002, na kwa miaka mingi kikakaa katika jengo la zamani la forodha pale Forodhani. Kimefundisha fidla, udi na kanuni, kikatoa wanamuziki wanaozunguka dunia. Lakini 2019 chuo hicho kilijikuta katika hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Wafadhili wa nje waliokibeba walipopunguza mkono, ada za wanafunzi peke yake hazikutosha.

Funzo ni hili: onyesho ni rahisi kuliko shule. Wageni wanaweza kuja Bariadi, wakapiga jioni moja, wakapigiwa makofi, picha zikapigwa, wakaondoka na fidla zao. Asubuhi yake mkoa utabaki kama ulivyokuwa.

Tatizo hilo si la Simiyu pekee, lakini Simiyu ina nafuu fulani. Chuo cha Ualimu Butimba, jijini Mwanza, kinajulikana kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa na michezo. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, kinafundisha shahada ya muziki inayochanganya ala za Afrika na za Magharibi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) inatoa mafunzo ya ala za asili. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari, na sanaa imo.

Vibuyu viko. Ngozi za mbuzi ziko. Uzi wa nailoni unauzwa Lamadi pamoja na nyavu. Mkoa uliowahi kujinadi kwa kila wilaya kuwa na bidhaa yake, Maswa chaki na Meatu maziwa, hauwezi kusema kwamba kutengeneza zeze ni jambo lililo juu ya uwezo wake.

Kama litafanyika, lifanyikeje

Kwanza ni mahali. Muziki huu hautaki jengo jipya. Wigmore Hall ya London, iliyofunguliwa 1901 na kusifika dunia nzima, ina viti takriban 550. Ukumbi wa shule wenye dari nzuri, au kanisa lenye kuta za matofali, unatosha. Kinachotakiwa zaidi ni ukimya: jenereta mbali, simu zimezimwa, mlango usiofunguliwa katikati ya kipande.

Pili ni programu. Wapiga nyuzi wanne wakija peke yao na Haydn wao, waliokuwa na shaka watathibitishiwa shaka yao. Waalikwa wa onyesho wawe wenyeji: mpiga ndono kutoka Meatu au Itilima, mpiga iritungu kutoka Mara, kwaya ya Bariadi, na manju mmoja anayekubali kuimba bila uwanja. Wageni wajifunze wimbo wa wigashe, nao wenyeji waonyeshwe jinsi viola inavyobeba sauti ya tatu. Anayekaa mbele katika kipande kimoja akae nyuma katika kinachofuata.

Tatu ni kiingilio. Wanafunzi na wanakwaya waingie bure mchana, wenye uwezo walipe jioni. Watalii wanaopita Lamadi kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka sasa wana sababu chache mno za kulala Simiyu. Hao nao waambiwe mapema.

Nne ni kumbukumbu. Kila kitakachopigwa kirekodiwe vizuri, nakala ibaki mkoani, na wapigaji walipwe kwa jina na kwa mkataba. Kisitokee tena kizazi kinachotafuta sauti ya babu zake Makhanda.

Hakuna katika haya linalotaka ngoma ipungue. Wagika na Wagalu wataendelea kuujaza uwanja, na ni haki yao. Kosa limekuwa kuutumia uwanja kama mizani pekee ya muziki wote, kisha kushangaa kwamba ala ndogo zimetoweka.

Onyesho likifanyika Bariadi, waandaaji watashawishika kutangaza idadi ya waliohudhuria. Idadi hiyo haitatuambia lolote. Tuulize jambo jingine: wiki iliyofuata, ni wanafunzi wangapi wa Bariadi, Maswa na Itilima waliopata ala, mwalimu na saa ya kujifunza kwenye ratiba? Halmashauri isipokuwa na jibu la swali hilo kabla ya kualika wageni, heri fedha hizo ziende zikanunue ngozi za ngoma.